Piga Kilichoandikwa

Vidole vyangu ndivyo vilivyonitia katika kundi lile, si elimu. Nilikuwa nimeshastaafu, nakaa Mji Mkongwe kwenye chumba cha juu nyumbani kwa mdogo wangu, na kazi yangu kubwa ya siku ilikuwa kubishana na muuza samaki. Jirani yetu, mwanamke kijana aliyekuwa mwalimu wa fizikia katika skuli ya wasichana, alinigongea mlango siku moja akaniuliza kama ni kweli naweza kupiga chapa bila kutazama herufi. Nikamwambia naweza kupiga bila kutazama na huku nakugombeza wewe. Akacheka, akasema basi Jumamosi baada ya adhuhuri nije skuli kwake.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, intaneti ilipokuwa bado kitu cha kukiendea, si cha kukaa nacho mfukoni. Skuli ilikuwa na chumba chenye kompyuta sita, nne zikiwaka. Mwalimu alikuwa amewauliza wanafunzi wake wamtajie mhandisi mwanamke, yeyote, na darasa zima likamkodolea macho. Msichana mmoja akaenda kutafuta katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ya Kiswahili, akarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mwalimu akawakusanya wenzake wawili, pamoja na injinia kijana wa umeme, naye mwanamke, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni bara, wakaamua kila Jumamosi waandike kurasa za wahandisi wanawake kwa pamoja. Mmoja anasoma kitabu au gazeti, mwingine anatunga sentensi, wengine wanaipinga mpaka inyooke, halafu mimi naipiga. Visheti na chai ya tangawizi vililetwa kwa zamu.

Siku ya kwanza nilielezwa kwamba katika kamusi hiyo mtu yeyote anaweza kuandika, na mtu yeyote anaweza kufuta. Nilishtuka kuliko walivyotarajia.

"Na mwenye kufuta anaulizwa na nani?"

"Na kila mtu, bi mkubwa," akasema mwalimu. "Ukifuta, inabaki imeandikwa nani kafuta na saa ngapi."

Nilichovya kisheti kwenye chai mpaka kikakatikia ndani.

Tuliandika kwanza wanawake wa nchi za mbali, ambao habari zao zilikwishaandikwa kwa lugha nyingine. Jumamosi ya tatu mwalimu akauliza, "Jamani, kwetu hapa Unguja hakuna hata mmoja wa zamani?" Mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema yupo, nilifanya naye kazi ofisi moja, alikuwa injinia wa maji, na pale ofisini tukimwita Bi Injinia. Walinigeukia wote kwa furaha, na mimi papo hapo nikatamani nirudishe maneno yangu kooni. Mpaka leo sijui kwa nini nilimtaja. Nadhani mtu akikaa na jambo miaka mingi, jambo lenyewe hutafuta mlango wa kutokea.

Mwalimu akasema haifai kumwandika mtu aliye hai bila kumpa habari, na kwa kuwa mimi ndiye nimjuaye, niende mimi. Nikaenda Mwanakwerekwe, nyuma ya soko, alikokuwa akikaa na mwanawe. Nilikuwa sijakanyaga nyumba hiyo hata siku moja, ingawa tulisoma darasa moja na baadaye tukafanya kazi chini ya bati moja. Nikamkuta amekaa juu ya kitanda cha kamba, mgongo umenyooka vilevile, lakini macho hayaoni tena. Sukari imeyachukua.

"Assalaam alaykum. Ni mimi," nikasema, nikataja jina langu.

"Wa alaykum salaam. Nshakujua kwa mwendo. Unaburura kiatu cha kushoto tangu skuli. Kaa."

Nikamweleza shughuli yetu. Alicheka kwanza, akauliza nani atakaye kusoma habari za kizee cha mabomba. Kisha akawa anapapasa ukingo wa kanga yake.

"Unajua wajukuu zangu wanasemaje? Wanajua bibi yao alikuwa akifanya kazi ofisini. Wanadhani nilikuwa karani kama wewe. Nkiwaambia nlikuwa injinia wanacheka, wanaona ndo uzee huo. Basi iandikeni. Ikishakuwa tayari njoo unisomee, nao niwaite wasikie."

Nikamuahidi. Niliahidi haraka, kama mtu anayetaka kuondoka.

Jumamosi iliyofuata tulimwandika, na kwa kweli ule ukurasa ulikuwa kichekesho. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kuliandika jina lake tupu. Tuliona ni utovu wa adabu, mtu mzima kutajwa mbele za watu kama mtoto anayeitwa kutoka barazani. Tukaanza na "Bi", tukaongeza "Mama" na jina la mwanawe wa kwanza, tukasema ni mwanamke mwenye haya na msimamo, na mwisho injinia kijana akasisitiza tumuombee Mwenyezi Mungu ampe umri mrefu na amrudishie nuru ya macho. Nikaipiga dua yote bila kosa. Siku mbili baadaye tukaambiwa kwamba mhariri wa mbali, mtu tusiyemjua lakini aliyeandika Kiswahili kilichonyooka, ameondoa "Bi", ameondoa "Mama", ameondoa haya na msimamo, na ameondoa dua. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kilichobaki ni mistari sita, inayosema kwamba yeye ndiye aliyegundua dawa ya kisima kimoja cha upande wa Makunduchi kilichogeuka chumvi.

Juu ya mistari ile sita palikuwa na kisanduku. Kilisema habari hizi hazina chanzo, na kwamba kisipopatikana chanzo kilichochapishwa ndani ya siku saba, ukurasa utaondolewa.

"Bi mkubwa," akasema mwalimu, "wewe ulikuwepo. Hapana karatasi yoyote? Ripoti, barua?"

"Zote zimeliwa na mchwa," nikasema.

Wakaguna kwa huzuni, wakaniamini. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, nami niliijua yangu urefu wake: ilikuwa siku saba.

Karatasi ilikuwepo. Niliipiga mimi.

Ilikuwa miaka ya themanini, inaelekea mwisho. Ofisi yetu siitaji. Mimi nilikuwa mpiga chapa, yeye alikuwa injinia pekee mwanamke, amerudi kutoka masomoni ng'ambo na shahada na koti zito asilokuwa na pa kulivalia. Nilikwambia tulisoma darasa moja. Sikusema kwamba katika hesabu nilikuwa nikimshinda. Yeye baba yake alimwachia aende; mimi wangu alinipatia mume, na ndoa ile ilipovunjika nikajifunza mashine. Sina kinyongo, nilikuwa nikisema. Ukimsikia mtu anasema hivyo pasipo kuulizwa, jua anacho.

Kile kisima kilikuwa kimechimbwa na kutiwa pampu, watu wakashangilia, na baada ya miezi michache maji yakawa hayanyweki. Wakubwa wa ofisi wakataka kichimbwe zaidi kwenda chini. Yeye akakataa. Akakaa kule majuma kadhaa, buibui lake limepindwa kiunoni na utepe wa kupimia mkononi, akionja maji asubuhi, mchana na jioni, na wanawake wa kule wakimtania kwa Kimakunduchi chao kwamba amekuja kunywa kisima chote. Aliporudi alitueleza sisi makarani, kwa sababu alipenda kueleza. Alisema katika ardhi ya kisiwa maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari kama samli juu ya mchuzi, na ukichota kwa pupa unavuta cha chini. Dawa si kuchimba. Dawa ni kuipandisha pampu, kuiendesha saa chache tu kwa siku, na kufungua visima viwili vidogo ndani zaidi, mbali na pwani. Ndivyo ilivyofanywa, na maji yale yananywewa mpaka leo.

Siku chache kabla hajaniletea ripoti hiyo, nilimpigia barua yake nyingine. Ndani yake aliandika kwamba maji yameharibika. Mimi napenda neno lenye mapambo, nikaona kuharibika ni neno kavu, nikapiga "maji yamepatwa na maradhi ya chumvi". Akaingia chumba cha mashine na ile barua mkononi, mkuu wetu amesimama mlangoni, matarishi wawili wamekaa kwenye benchi. Akaiweka juu ya mashine yangu.

"Bibie, piga kilichoandikwa. Mengine hukuulizwa."

Matarishi wakacheka. Mkuu naye akacheka. Nilihisi uso unawaka mpaka masikioni, na nikaipiga barua upya.

Kisha ikaja ripoti ya kisima, kurasa kumi na moja za mwandiko wa wino wa kijani. Chini ya kichwa aliandika "Imetayarishwa na", na jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake. Mkuu akapita, akasema, "Ipigwe kama kawaida." Kawaida ya ofisi ilikuwa kila karatasi itoke chini ya jina lake yeye, lakini ripoti za kitaalamu zilikuwa na mstari wa aliyetayarisha, na hakuniambia niuache. Ningependa sana kusema aliniambia. Nilitia stensili, ile karatasi ya kurudufia, kwenye mashine, nikapiga kichwa, nikafika kwenye mstari ule, vidole vikasimama. Halafu nikasogeza karatasi, nikaanza Utangulizi.

Mwisho kabisa, baada ya jina na cheo cha mkuu, nikaweka herufi za mwanzo za majina yake, alama ya mkwaju, na herufi zangu mbili ndogo. Hiyo ilikuwa desturi, ili ikitokea kosa ijulikane nani aliyepiga. Ule mwandiko wa kijani nikautia kwenye gunia la karatasi chakavu, na gunia lile kila mwezi lilichukuliwa na wauza njugu wa Darajani, wakafungie njugu. Huenda kuna mtu alikula njugu kutoka kwenye jina lake.

Bi Injinia alikuja kuchukua nakala yake. Akafunua ukurasa wa kwanza, akafunua wa mwisho, akaninyanyulia macho. Nikasema, "Mkuu kasema kama kawaida." Akaikunja nakala, akatoka. Mkuu alisifiwa kwa ripoti ile, akapelekwa mikutanoni. Yeye alihamishiwa stoo ya mabomba, na huko ndiko alikostaafia. Sisemi kwamba mstari mmoja ndio uliompeleka stoo. Lakini sijui pia kama haukumpeleka.

Basi siku saba zile nilizipitisha vibaya. Nilikuwa na nakala moja nyumbani. Nilizoea kuchukua karatasi zilizoharibika kidogo na kuzitandika chini ya nguo kabatini. Nilizitoa nguo, nikaitazama, nikazirudisha. Nilijiambia ninamlinda, kwa sababu karatasi hiyo ikionekana itasema si yeye. Uongo mwingine. Nilikuwa nazilinda herufi mbili.

Jumamosi injinia kijana aliingia anahema, kichwa wazi, mtandio umeshuka mabegani. Alikuwa amezunguka ofisi za watu wiki nzima na katika faili moja kuukuu ameipata ripoti. Mchwa hawakuigusa. Alifurahi mno hata hakuisoma njiani. Tukaizunguka meza. Mwalimu akasoma kwa sauti kuanzia juu kwenda chini, na sauti yake ikazidi kupungua kadiri alivyokaribia mwisho.

"Hapa jina ni la mkuu," akasema. "Yeye hatajwi popote." Akanitazama, si kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Bi mkubwa, una hakika ni yeye? Labda umechanganya. Miaka mingi imepita."

Nilikuwa na nafasi pale. Watu wanne, chai, mlango umefungwa. Nikasema, "Labda."

Nimefanya mengi ya kujutia, lakini neno hilo moja ndilo ninaloliona aibu kuliko yote.

Wale walikuwa wanawake waaminifu. Waliandika katika ukurasa wa majadiliano kwamba ripoti imepatikana na wakaeleza imesemaje. Yule mhariri wa mbali akawashukuru, naye akafanya alivyopaswa kufanya. Aliuondoa ukurasa wa Bi Injinia. Kisha, kwa kuwa sasa kulikuwa na chanzo kilichochapishwa, akaenda kwenye ukurasa wa Makunduchi, akaongeza mistari miwili kwamba kisima kiliokolewa kwa utafiti wa mkuu wetu, jina lake lote, na chini yake akaitaja ripoti niliyoipiga mimi. Mara ya kwanza nilimwondoa katika nakala arobaini za karatasi ya kurudufu. Mara hii nilimwondoa mahali ambapo mtoto wa nchi yoyote anaweza kusoma.

Nilimwambia mwalimu siku ya pili yake, kwenye ngazi, sote tumebeba vikapu vya sokoni. Nilimwambia yote, mpaka mambo ya njugu. Hakunitukana. Akasema tunaweza kuandika ushuhuda wangu katika majadiliano, na tukauandika, na jibu likaja kwa adabu: maneno ya mtu mmoja ambayo hayajachapishwa popote hayawezi kuishinda ripoti. Nilimwelewa mwenye kujibu. Maisha yangu yote nimeamini karatasi kuliko watu, kwa nini yeye asiamini?

"Na mwenyewe anajua?" mwalimu akaniuliza.

"Hajui."

"Basi kabla ya kuwaambia wa mbali, ungemwambia yeye."

Nikachapishiwa ukurasa wa Makunduchi, nikaukunja ndani ya mkoba, nikaenda Mwanakwerekwe. Njia nzima nilijipanga kusema kweli. Nilipofika akanikaribisha kwa uchangamfu, akaupeleka uso wake upande wa sauti ya karatasi nilipoifunua, akasema, "Soma, soma. Nisikie mimi kwanza, halafu ntawaita watoto." Ujasiri wote ukaniishia.

Nikaishika karatasi nikasoma yasiyokuwemo. Nilianza na jina lake, nikasema ni mhandisi wa maji, nikaeleza safari zake za kisimani, na yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekula kitu alichokitamani siku nyingi. Niliona nimepata dawa: sitamuumiza, na atakufa ameridhika. Nikaendelea kwa raha. Nikasema maji ya kijiji kile yalipopatwa na maradhi ya chumvi.

Akainua mkono.

"Hayo si ya kamusi," akasema. "Hayo yako. Bibie, soma kilichoandikwa."

Nikasoma kilichoandikwa. Mistari miwili haichukui muda. Nilipolitamka jina la mkuu wetu, vidole vyake vilikuwa juu ya ukingo wa kanga na havikusogea. Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Na chini ya ripoti?" akauliza. "Herufi za nani?"

"Zake," nikasema. "Na zangu."

"Nlizisoma siku ile ile. Nlikwenda kumuuliza mkuu, akaapa hakukwambia uniache. Nikasema basi, atakuja mwenyewe. Tumekaa ofisi moja miaka, stoo na chumba cha mashine ni hatua ishirini. Nlipokuwa na macho hukuja. Umekuja nshapofuka."

Nikaanguka miguuni pake, nikamuomba radhi, nalia kwa sauti bila ya haya yoyote. Aliniacha nilie. Baadaye akasema radhi alinipa zamani, kwa sababu yeye si mtu wa kulala na hasira, lakini radhi haiwezi kuwaambia wajukuu zake chochote.

"Waite," akasema. "Wako nje. Uwaambie kama ilivyokuwa, usipambe."

Nikafuta uso, nikatoka mlangoni nikawaita. Wakaja watatu, wakakaa mkekani wakinitazama mimi na macho yangu mekundu. Nikaanza na jina la bibi yao lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kama lilivyokuwa kwenye mstari ule. Nikaeleza kisima, pampu, samli na mchuzi, wino wa kijani. Hawakucheka. Nilipomaliza, mkubwa wao, msichana wa miaka kumi hivi, akamtazama bibi yake, kisha akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa nani?"

"Mimi," nikasema, "ndiye niliyekuwa karani."